Kubeba vitu vya kula vinavyoharibika haraka kwenye ndege, vifike nyumbani vikiwa vizima

Wengi tunanunua kwanza alafu ndo tunaanza kuwaza tutabebaje, na hapo ndo chakula kizuri kinaishia jalalani. Anza na masaa. Chukua kalamu uhesabu tangu kitu kinatoka kwenye friji ya dukani mpaka kinaingia kwenye friji yako, sio masaa ya kuruka tu. Ndege ya masaa manne ukiongeza njia ya kwenda aipoti, kusubiri masaa matatu, kusubiri begi likitoka, foleni ya forodha na gari mpaka nyumbani, unakuta ni masaa kumi na moja hivi, na kama unabadilisha ndege katikati basi ongeza zaidi, alafu weka na masaa mengine manne ya ndege kuchelewa maana inachelewa kweli.

Kwa nini nasisitiza masaa? Kwa sababu vijidudu vinazaliana haraka chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60 za selsiasi, na kanuni inayofundishwa ni kwamba kitu cha friji kisikae nje zaidi ya masaa 2, na kama joto la hapo ulipo limepita nyuzi 32 basi saa 1 tu. Sasa linganisha masaa 2 na yale masaa 11 yako. Utaona mwenyewe kwamba kuna vitu ni bora kuvila hukohuko ukafurahi navyo ukamaliza.

Mimi nachagua hivi. Jibini ngumu, soseji zilizokaushwa kabisa, biskuti, keki kavu, mikate, hivi havina shida kubwa, vinavumilia safari ndefu hata ubaridi ukipungua. Chokoleti haiozi ila inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, yaani karibu sawa na joto la mwili wako, kwa hiyo usiibane kwenye begi linalogusa mgongo wala usiiache ndani ya gari juani. Nyama mbichi, samaki na jibini laini, hivyo vinataka baridi ya kweli mwanzo mpaka mwisho. Keki za krimu mbichi kwa safari ndefu mi sibebi kabisa, hata mtu anibembeleze vipi.

Kwenye samaki naomba unisikilize vizuri, hasa jodari na vibua. Wakikaa kwenye joto bakteria wanatengeneza ndani yao histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na hiyo ikishaingia kwenye nyama ya samaki haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha, na samaki anaweza kunukia vizuri tu. Kwa hiyo ile ya "nitamkaanga sana akifika" haisaidii. Na kitu kingine watu wanachojidanganya nacho ni vakyumu, ile ya kufyonza hewa kwenye plastiki. Inazuia harufu, inazuia kuvuja, inafanya kitu kikae muda mrefu KIKIWA KWENYE BARIDI. Haichukui nafasi ya friji. Bakteria wanaoleta botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, wao hawataki hewa kabisa, kwa hiyo samaki wa moshi kwenye vakyumu akiwa kwenye joto ni hatari kuliko unavyofikiri.

Haya, kufungasha. Kinachofaa kugandishwa kigandishe kiwe jiwe, siku moja mpaka mbili kabla ya safari, maana chakula chenyewe kikishaganda ndo barafu yako ya kwanza. Kama umelala hotelini uliza jikoni kwao kama wana freeza, au muulize muuzaji, maduka mengi ya samaki na nyama yanaweza kukugandishia na kukufungia ukisema mapema kwamba unasafiri. Nunua siku ya mwisho, na ukitoka dukani usipitie sehemu nyingine. Begi la kutunza baridi lile laini linatosha kabisa, ila chagua dogo ulijaze lisibaki na nafasi, kwa sababu hewa iliyobaki ndani inapoteza baridi. Pakiti za jeli weka chini na juu, baridi inashuka, juu ndo muhimu zaidi. Nguo nzito au magazeti yakizungushwa nje yanasaidia sana, mi natumia sweta.

Kila kitu mifuko miwili, kimoja ndani ya kingine. Ndege ikiwa angani, presha ya ndani yake ni kama umepanda mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400, kwa hiyo vifungashio vyenye hewa vinavimba na vifuniko vya mtindi au mchuzi vinaweza kufyatuka. Mtungi usiujaze mpaka mdomoni.

Begi la mkononi au la chini? La mkononi kama inawezekana. Niliwahi kuweka samaki kwenye begi la chini, begi likabaki kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, likanifikia kesho yake jioni, na nguo zote zile zikaenda na samaki. Iliniuma sana maana nilikuwa nimemnunulia mama. Tangu hapo kinachoharibika nakaa nacho. Ila sekyuriti wana mambo yao, chochote kinachopakika au kumiminika wanakihesabu kama kimiminika, jamu, asali, mtindi, jibini laini, siagi ya karanga, na viwanja vingi bado vinashikilia mililita 100 kwa chombo. Hivyo viende chini. Pakiti za jeli nazo, Marekani kwa mfano zinaruhusiwa zikiwa ngumu kabisa wakati wa ukaguzi, zikishaanza kuwa uji zinahesabiwa kimiminika na unaweza kunyang'anywa. Ukibadilisha ndege ukakaguliwa tena, fikiria zitakuwaje saa hiyo. Jibini kubwa na chokoleti nyingi pia zinaonekana kama tofali kwenye skana, ziweke juu juu ili wakitaka kufungua usitoe begi lote.

Barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, inafanya kazi nzuri kuliko zote, iko kwenye nyuzi 78 na nusu chini ya sifuri, lakini mwisho ni kilo 2.5 kwa abiria, lazima shirika la ndege likubali kabla, na boksi liwe na njia ya kutolea hewa. Inageuka kuwa gesi, ukiifungia kwenye chombo kisichopumua kinapasuka. Usiishike mkono mtupu.

Sasa sheria, na hapa ndo watu wanaumia. Angalia tovuti ya serikali ya nchi unayoingia kabla hujatoa hela. Umoja wa Ulaya abiria anayetoka nchi nyingi za nje haruhusiwi kuingia na nyama wala maziwa na vitu vyake, jibini imo humo, hata iwe kipande kidogo. Matunda mengi wanataka cheti cha afya ya mimea isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Marekani lazima utaje chakula chote ulichobeba. New Zealand ukificha au ukisahau, faini ya papo hapo ni dola zao 400, na Australia nao hawana utani. Kununua kwenye duka la aipoti lisilo na ushuru hakubadilishi chochote, risiti haigeuzi soseji iliyokatazwa kuwa halali. Na sio ukorofi, homa ya nguruwe ya Afrika inasafiri ndani ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na kipande kimoja kikitupwa mahali nguruwe wanapokula kinaweza kumaliza mifugo ya watu. Kwa hiyo taja. Ukitaja, kibaya zaidi ni wachukue kile kitu, na mara nyingi wanakuangalia tu wanakuachia. Acha vitu kwenye pakiti zake za dukani zenye lebo, ofisa akisoma kilichomo mnamalizana haraka.

Ukifika, kabla hujasalimia watu wote, fungua begi. Kitu kikiwa bado kina chembe za barafu ndani, au kipimajoto kinasoma nyuzi 5 au chini, kirudishe freeza au friji bila wasiwasi. Kikiwa kimelainika na kimepata joto na hujui tangu saa ngapi, usikinuse kutafuta jibu, tupa tu, hata kama kilikuwa cha bei.