Nairobi hadi New York: umbali na saa za safari, hesabu yake ni hii

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege hupimwa kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, si kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, njia fupi ya kwenda New York inaelekea kaskazini-magharibi na kukatiza Sahara, ingawa ukiangalia ramani ungedhani ndege itavuka Kongo moja kwa moja hadi Atlantiki.

Ingia tovuti ya Great Circle Mapper, andika NBO-JFK: NBO ni herufi za JKIA, na JFK ni za uwanja wa John F. Kennedy, New York. Jibu ni takriban kilomita 11,840, ambazo ni maili 7,355 au maili 6,390 za baharini, kwa hiyo tazama kipimo kwanza kabla ya kulinganisha na namba uliyoipata kwingine. Tumia herufi za kiwanja, usiandike jina la mji. Tiketi ya "New York" inaweza kuwa JFK au EWR, na EWR iko Newark, New Jersey. Mpe mwenyeji wako herufi hizo, asije akakusubiri jimbo jingine.

Kama unaunganisha ndege, pima kila kipande. Dar es Salaam hadi JFK kwa njia fupi ni kama kilomita 12,440, lakini ukiandika DAR-DOH-JFK, yaani kupitia Doha, zinafika 14,590 hivi.

Kukadiria muda wa ndege kubwa, gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa ya kuondoka, kupaa na kutua. Kwa NBO-JFK unapata muda wa saa 14 na nusu hivi. Kwa kweli kwenda huchukua karibu saa 15 na kurudi karibu 14, kwa sababu pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi: zinaipinga ndege inayokwenda Marekani na kuisukuma inayorudi.

Wengi hukosea kwenye tiketi. Saa zilizoandikwa ni za mahali husika, kwa hiyo usizitoe moja kwa moja. Tuseme umeondoka JFK 12:25 (saa 6:25 mchana) mwezi Januari na kufika Nairobi 10:25 (saa 4:25 asubuhi) kesho yake. Ukihesabu hivi hivi unapata saa 22. Toa tofauti ya saa 8 kati ya New York na Nairobi, zinabaki 14. Kati ya Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti ni saa 7, maana Wamarekani husogeza saa zao mbele na sisi hatusogezi. Kutoka Nairobi kwenda huko, tofauti hiyo unaijumlisha badala ya kuitoa. Kwa safari ya kuunganisha, toa saa ya kuondoka kwa mara ya kwanza kwenye saa ya kufika mwisho, rekebisha tofauti mara moja tu, nawe utapata muda wote pamoja na kusubiri.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya ndege za usiku. Tiketi ikisema tarehe 12, 00:40, hiyo ni saa 6:40 usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwanjani uwepo tarehe 11, saa 3:40 usiku. Anayefika usiku wa tarehe 12 anakuta ndege iliondoka usiku uliotangulia, na mara nyingi tiketi ya kurudi nayo hufutwa.