Jinsi ya Kukokotoa Maji ya Kumwagilia Mche kwa Kiangazi Kizima

Dodoma mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayofuata hupita karibu bila tone, kwa hiyo anayepanda mche uani hana budi kujua mapema ni madumu mangapi ya maji yatakayomfikisha kwenye mvua nyingine. Tuchukue mche mmoja wa mzabibu unaomwagiliwa mara 4 kwa wiki, kila mara kwa makopo 3 ya nusu lita, kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Novemba.

Anza na kiasi cha mara moja: makopo 3 mara nusu lita ni lita 1.5. Zidisha kwa mara 4, upate lita 6 kwa wiki. Andika kipimo kando ya kila namba, kwa maana 6 iliyoachwa peke yake haisemi kama ni makopo, lita au siku.

Sasa zinatakiwa wiki, na hapa ndipo wengi hukosea. Miezi ni 6, nao huzidisha 6 kwa 4 na kupata wiki 24, kana kwamba kila mwezi una siku 28. Hesabu siku zenyewe: 30, 31, 31, 30, 31 na 30, jumla 183, ambazo ni wiki 26 na siku moja. Lita 6 mara 26 ni lita 156, ilhali kwa wiki 24 ungepata lita 144. Upungufu huo wa lita 12 ni maji ya wiki mbili nzima, nao utajitokeza mwishoni mwa Novemba, wakati joto la Dodoma limepamba moto.

Ili kuthibitisha jibu, pita njia nyingine: mara 4 kwa wiki 26 ni mara 104, na 104 mara 1.5 ni 104 kujumlisha nusu yake, yaani 52, jawabu likiwa 156 vilevile. Ile siku moja iliyosalia, hata ukimwagilia, itaongeza lita 1.5 tu.

Soma pia maneno ya swali kwa makini. Kumwagilia siku moja na kuruka inayofuata si sawa na mara 4 kwa wiki, kwa kuwa katika siku 182 za wiki 26 utamwagilia mara 91 tu, na maji yatakuwa lita 136.5.

Kwa dumu la lita 20, lita 156 ni madumu 7.8. Kanuni ya darasani ya kukadiria, inayoshusha desimali iliyo chini ya nusu, haihusiki hapa. Hata kama jibu lingekuwa 7.1, ungehitaji madumu 8, kwani muuza maji wa mkokoteni hakuuzii sehemu ya kumi ya dumu. Tukichukulia kwa mfano kwamba dumu moja ni shilingi 300, utatenga shilingi 2,400.

Mwenye miche 12 asizidishe madumu 8 kwa 12, maana atapata 96. Azidishe lita kwanza: 156 mara 12 ni lita 1,872, sawa na madumu 93.6, kisha ndipo apandishe hadi 94.