Chawanmushi nyumbani: yai kidogo, supu nyingi, moto mdogo

Somo la leo ni chawanmushi, kastadi ya yai ya Kijapani. Haina maziwa wala unga, na si kitu cha kula baada ya chakula. Ni yai lililochanganywa na supu, likamiminwa kwenye kikombe chenye kuku, kamba na uyoga, kisha likapikwa kwa mvuke mpaka likashikana. Huliwa kwa kijiko, ya moto, sambamba na vyakula vingine mezani. Majira ya joto wengine huipoza kwanza. Pale Nagasaki upo mkahawa wa Yossou, uliofunguliwa mwaka 1866, ambao chawanmushi yake huja kwenye bakuli kubwa pamoja na wali wa mvuke. Sisi tutapika ya vikombe vya chai.

Wengi wakishindwa hulaumu mayai. Mayai hayana kosa. Makosa ni mawili tu: supu haikupimwa, au maji ya kuvukishia yaliachwa yatokote kwa fujo.

Mahitaji (vikombe 4 vya kama ml 200)

Mayai 3, dashi (supu nyepesi ya Kijapani, tutaipika kwenye hatua ya 1) ml 450, chumvi nusu kijiko cha chai, sosi ya soya kijiko 1 cha chai (ile nyepesi ya rangi ndiyo nzuri, isigeuze yai kuwa kahawia), mirin (kikolezo kitamu cha Kijapani cha mchele) kijiko 1 cha chai. Vya kuweka ndani: vipande vidogo vya paja la kuku, kamba 4 waliomenywa, uyoga wa shiitake 2. Wajapani huongeza pia vipande vya kamaboko, ile keki ya samaki, na kokwa za ginkgo. Ukikosa, usihangaike.

Kipimo cha kukariri ni yai 1 kwa supu 3, kwa ujazo. Yai la kawaida bila ganda ni kama ml 50, hivyo linataka supu ml 150. Mayai ya kienyeji ni madogo, kwa hiyo usihesabu mayai: yavunje kwenye kikombe cha kupimia, usome ni ml ngapi, uzidishe kwa 3.

1. Supu. Usiikimbilie hatua hii, maana ladha yote inatoka hapa. Loweka kipande cha mwani wa kombu (gramu 6 hivi) katika maji ml 600 kwa nusu saa au zaidi. Bandika moto mdogo. Vikianza kutokea vipovu pembeni mwa sufuria, toa kombu kabla maji hayajachemka, la sivyo supu inakuwa na utelezi na harufu nzito. Acha maji yachemke, zima moto, tia gramu 12 za katsuobushi, yaani samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi na kuparuzwa nyembamba kama karatasi. Subiri dakika 1 au 2, chuja bila kukamua. Pima ml 450.

Huna katsuobushi? Japani yenyewe kuna dashi ya niboshi, ambao ni dagaa wa baharini waliochemshwa na kukaushwa. Basi chukua dagaa wakavu wa baharini kiganja kimoja, toa vichwa na matumbo (huko ndiko uchungu uliko), loweka nusu saa, chemsha taratibu dakika 5, chuja kwa kitambaa. Dagaa wenye mchanga waoshe kwanza. Supu ya kuku isiyo na mafuta nayo inafaa.

2. Poza. Supu iwe vuguvugu au ya baridi kabisa. Ya moto itapika yai kwenye bakuli, upate uji wenye nyuzi.

3. Piga mayai bila povu. Ncha za vijiti au uma ziguse chini ya bakuli, uende kushoto na kulia ukikata ule ute. Usipige kama unatengeneza keki. Tia supu, chumvi, soya na mirin, koroga polepole.

4. Chuja. Hatua hii hairukwi. Ule ute mzito usiovunjika ukibaki, utakuta mabonge meupe ndani ya kikombe.

5. Panga vikombe. Kuku mnyunyizie soya kidogo, akae dakika 5, kisha mpanguse. Weka kuku na uyoga chini, kamba juu, mimina mchanganyiko polepole. Vipovu vilivyobaki juu vitoboe kwa kijiti. Funika kila kikombe kwa foili, kwa sababu matone ya mvuke yakidondoka juu ya yai yanaacha mashimo.

6. Mvuke. Tandika kitambaa chini ya sufuria pana, tia maji ya moto yafike nusu ya kimo cha vikombe. Funika sufuria kwa mfuniko uliofungwa kitambaa. Moto mkubwa dakika 2 au 3, mpaka uso wa yai uanze kuwa mweupe. Halafu punguza kabisa, chomeka kijiti kati ya sufuria na mfuniko ili joto lipumue, endelea dakika 12 hadi 15. Maji yawe yanatetemeka tu. Mchanganyiko huu unashikana kwenye nyuzijoto 80 hivi. Ukiuacha ufike 100, maji yaliyo ndani ya yai yanageuka mvuke na kutoboa vijishimo, kastadi inakuwa sponji na supu inajitenga.

7. Pima. Tikisa kikombe: katikati patetemeke kama maziwa ya mgando. Choma kijiti. Ukiona supu safi inachuruzika, imeiva. Ikitoka ya maziwamaziwa, ongeza dakika 2. Malizia na jani la mitsuba, kiungo cha majani cha Kijapani. Kwetu, majani ya kitunguu yaliyokatwa nyembamba yanatosha, na chembe ya ganda la limau.

Maswali ya wanachama

Nipo Nairobi, mwalimu. Dakika zako zitanifaa, au huku juu mambo ni tofauti?

Zitafaa, ongeza kidogo. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, kwa sababu ya mwinuko. Yai bado litashikana bila shida, na kwa kweli wewe una nafuu kuliko sisi wa pwani, maana mvuke wako ni mpole zaidi. Anza kupima kwenye dakika ya 15.

Dada, hapa Unguja mwani tunao tele. Siwezi kutumia huo badala ya kombu?

Hapana, shoga yangu. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa aina nyingine, unatafutwa kwa ajili ya karajinani, ile ya kugandishia vitu. Kombu inatakiwa kwa glutamati yake, yaani kile kinachoipa supu utamu wa mchuzi, ambayo profesa Kikunae Ikeda aliitoa humo mwaka 1908. Tumia dagaa na uyoga mkavu wa shiitake uliolowekwa, utapata ladha ya karibu.

Assalam aleikum. Mirin si ina pombe?

Waaleikum salaam. Ile halisi inayo, asilimia 14 hivi. Iache kabisa, weka sukari robo kijiko cha chai. Soya pia soma chupa yake, kwani ya kuchachushwa huwa na kiasi kidogo cha pombe. Zipo zenye alama ya halali.

Niko Toronto. Nilitia uyoga wa maitake, nikavukisha karibu saa nzima na bado ni maji. Mayai mabovu?

Mayai mazima, kaka. Maitake mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya yai, na ungekesha jikoni isingeshika. Uchemshe uyoga huo dakika chache kwanza, kimeng'enya kife, ndipo uutie. Shiitake haina tabia hiyo.

Nikitumia maji matupu na mayai tu?

Itashika kwa shida. Chumvi na madini yaliyomo kwenye supu yanasaidia yai kushikana, na hata ikishika utakula nini? Usifanye.

Watoto wangu hawashibi kikombe kimoja.

Fanya ya mtindo wa Osaka, odamaki-mushi: tambi nene za udon zikae chini ya bakuli kubwa. Zichemshe na uzichuje maji vizuri kabla ya kumimina yai, kwani maji yake yataharibu kipimo, na uongeze dakika 5 hadi 8 za mvuke kwa sababu bakuli ni kubwa.