Kabla ya kushika kikokotoo: mambo ya kuzingatia kwenye maswali ya kigeu nasibu

Makosa mengi ya kigeu nasibu, yaani namba inayoamuliwa na bahati, hufanyika kabla hesabu haijaanza. Mtu anasoma "dadu mbili", anakimbilia fomula, na hajaamua anahesabu nini. Andika kwanza sentensi nzima: "X ni jumla ya namba za dadu mbili." X kubwa ndiyo kigeu nasibu, kanuni inayopa kila tokeo namba yake, x ndogo ni namba yenyewe iliyopatikana, tuseme 7.

Kisha orodhesha matokeo ya jaribio, si thamani za X. Dadu mbili zina matokeo 36 yenye uwezekano sawa. Jumla ziko 11 tu, kuanzia 2 hadi 12, na hazina uzito mmoja: 2 hupatikana kwa njia moja, 7 kwa njia sita. Anayeandika 1/11 kwa kila jumla ameshapoteza swali zima. Chora jedwali, x juu, uwezekano chini, ujumlishe mstari wa chini. Usipotoa 1 kamili, usiendelee.

Angalia pia kama kigeu kinahesabiwa au kinapimwa. Kinachohesabiwa ni kikali kwenye mipaka: uwezekano wa X < 4 ni 3/36, wa X ≤ 4 ni 6/36. Kinachopimwa, kama muda au uzito, hakijali, kwa sababu uwezekano wa thamani moja kamili ni 0. Hapo uwezekano huchorwa kama mstari juu ya thamani zote, na jibu ni eneo chini ya mchoro huo, wala si urefu wake. Urefu unaweza kuzidi 1: kigeu kilichosambaa sawasawa kati ya 0 na 0.5 kina urefu wa 2.

Halafu uliza kama majaribio yanaathiriana. Trei ya mayai 30 ina mabovu 3, unachukua mawili bila kurudisha. Uwezekano wa yote mawili kuwa mabovu ni 3/30 × 2/29, takriban 0.0069. Ukijifanya yai la kwanza limerudi, unapata 0.01.

Panaponasa wengi zaidi ni kwenye varianzi, yaani wastani wa mraba wa umbali kutoka kwenye wastani. Dadu moja ina wastani 3.5. Njia ya mkato ya varianzi: wastani wa miraba ya namba zake ni 91/6, toa mraba wa wastani, 3.5², unabaki na 35/12. Sasa linganisha kurusha dadu moja na kuzidisha namba yake kwa 2, na kurusha dadu mbili na kujumlisha. Wastani wote ni 7. Varianzi ya kwanza ni 4 × 35/12, karibu 11.67, kwa kuwa umbali ukiwa mara 2 mraba wake huwa mara 4; ya pili ni 35/12 + 35/12, karibu 5.83, maana dadu mbili huru hufidiana. Kwa hiyo, X ikiwa sasa namba ya dadu moja, na X₁ na X₂ namba za dadu mbili, 2X si X₁ + X₂, hata kama kwenye karatasi vinafanana. Na usikadirie mapema: ukifanya 91/6 kuwa 15.2, varianzi inatoka 2.95 badala ya 2.92.