Pamba au poliesta? Jinsi ya kuipima nguo kwa moto na kuifua ipasavyo

Mtumba mara nyingi huja lebo imekatwa, na hata kanga dukani huweza kuitwa pamba kumbe ni poliesta tupu.

Geuza nguo ndani nje, chomoa nyuzi tano sita za sentimita 3 hivi kwenye kitambaa kilichobaki nyuma ya mshono. Uzi wa kushonea uache. Huo kwa kawaida ni poliesta, na wengi hudanganyika hapo. Nyuzi za urefu na za upana zipime mbalimbali, maana kitambaa huweza kufumwa pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili. Zisokote, zishike kwa kibano juu ya kisahani chenye maji, usogeze mshumaa polepole kutoka ubavuni.

Pamba hushika moto mara moja, hunuka karatasi iliyoungua, na jivu lake la kijivu hupukutika likiguswa. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Poliesta hujikunyata kuukwepa mwali, huyeyuka kwa moshi mweusi, kisha huacha kipunje kigumu kisichosagika kwa vidole. (Ngoja kipoe, tone lake la moto hunata kwenye ngozi.) Jivu likiwa na vipunje, huo ni mchanganyiko. Viskosi (kitambaa kinachotengenezwa kwa rojo la miti) huungua sawasawa na pamba, kwa hiyo lowesha uzi mmoja uuvute: viskosi ikilowa hukatika upesi, pamba ikilowa huzidi kuwa imara.

Poliesta hutokana na mafuta ghafi, na kila ikifuliwa humwaga vinyweleo, yaani vipande vidogo mno vya nyuzi, visivyooza. Tumia maji baridi, loweka nusu saa badala ya kusugua kwa brashi. Mashine ijaze vizuri na uchague mzunguko mfupi. Nguo chache kwenye maji mengi hupukutika zaidi. Flisi, kile kitambaa chenye manyoya laini cha majaketi, ni miongoni mwa zinazopukutika sana, hasa mifuo ya mwanzo. Ukifua kwa mkono, chuja maji kwa kipande cha shuka kilichokunjwa mara mbili kabla ya kumwaga mtaroni. Hakitanasa vyote. Kilichonaswa kitupe na takataka, usikichome.

Pamba nayo ina madhambi yake: Bahari ya Aral, ziwa la Asia ya Kati, ilikauka kwa sehemu kubwa baada ya maji ya mito Amu Darya na Syr Darya kupelekwa kwenye mashamba ya pamba, hasa tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo shati la poliesta ulilo nalo livae mpaka liishe. Likichakaa, lisiwe tambara la deki, kwani halinyonyi maji. Likatekate ujazie mto.