Kutoa VAT ndani ya bei bila kujipunja

Jamani wenye maduka, kuna kosa moja nakutana nalo kila mara na linakula hela za watu kweli kweli. Mtu kauza mzigo wa 118,000 VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ikiwa humo humo ndani, anataka kujua kodi ni ngapi, anashika simu anapiga asilimia 18 ya 118,000 anapata 21,240. Hapana! Kodi hapo ni 18,000 tu, hiyo 3,240 ya juu umejipunja mwenyewe.

Ile 18 inapigwa kwenye bei kabla ya kodi, sio kwenye hela anayotoa mteja. Kwa hiyo kama una bei tupu unataka kuweka VAT, zidisha kwa 1.18. Kama bei tayari ina VAT, gawanya kwa 1.18, jibu ndo bei tupu na kinachobaki ndo kodi, basi. (Hii ni Tanzania Bara, Zanzibar ni asilimia 15 so unatumia 1.15, na ndugu zetu Kenya ni 16, wao 1.16.)

Sasa twende dukani, maana hapa ndo watu wanapotea. Tuseme umesajiliwa VAT, umechukua ndoo ya rangi duka la jumla kwa 59,000, VAT ikiwa ndani, na risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi) umepewa. Gawa kwa 1.18, ndoo ni 50,000 na VAT ni 9,000. Unaiuza keshi 70,800, yaani 60,000 yako na 10,800 ya serikali. Ulishalipa 9,000 kule duka la jumla kwa hiyo unapeleka TRA (mamlaka ya mapato) tofauti, 1,800. Faida yako ni 10,000, sio 11,800 kama droo inavyokuonyesha, na ukishaila ile 1,800 mwezi ukiisha utaitafuta kwa tochi.

Ngoma inakuja mteja akianza kubembeleza mpaka mnafika 65,000. Kichwani unasema nimenunua 59 nauza 65, nimebaki na 6,000. Piga hesabu: 65,000 gawa 1.18 ni kama 55,085, toa 50,000, umebaki na 5,085 tu! Na hapo bado hujalipa bodaboda wala kodi ya fremu. Mimi nawaambia siku zote, kabla hujakubali punguzo gawa kwanza ndo useme sawa.

Risiti ya manunuzi itunze kama hela, kwa sababu bila risiti ya EFD yenye VRN (namba ya usajili wa VAT) ya aliyekuuzia ile 9,000 huwezi kuidai, utapeleka 10,800 yote, na ritani (ile taarifa ya VAT ya mwezi unayopeleka TRA) ni kabla au tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na sio kila kitu kina VAT, nyanya na mboga mbichi za sokoni hazina, usije ukagawa kila kitu kwa 1.18.

Kama hujasajiliwa (kiwango cha lazima Bara ni mauzo ya milioni 200 kwa miezi 12) usimwandikie mteja VAT kabisa, huruhusiwi. Ila ile VAT uliyolipa duka la jumla hairudi, ndoo yako imekugharimu 59,000 kamili, anza kupanga bei kuanzia hapo.