Kupima mzunguko wa damu miguuni kwa ajili ya utafiti

Kabla ya kugusa kifaa chochote, mlaze mshiriki chali na umwache apumzike kwa dakika 5 hadi 10, kwa sababu mtu akiwa ameketi presha ya kifundo cha mguu huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Funga mkanda wa presha juu kidogo ya kifundo, paka jeli nyuma ya fundo la ndani, kisha weka kichwa cha kifaa cha dopla (kinachotumia mawimbi ya sauti kusikilizia damu inavyopita) kikiwa kimeinama, bila kukikandamiza, maana ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, hubanwa kwa urahisi na sauti ikapotea. Ukishausikia mvumo wa mapigo, jaza mkanda upepo hadi utoweke, ongeza milimita 20 za zebaki, halafu punguza polepole. Namba inayosomeka sauti inaporejea ndiyo ya kuandika. Rudia kwenye ateri ya juu ya wayo, mguu wa pili na mikono yote miwili.

Kwa kila mguu, chukua presha iliyo kubwa zaidi na uigawanye kwa ile kubwa ya mikono: 102 kwa 136 ni 0.75. Uwiano wa 0.90 au chini yake huashiria ateri zilizoziba kwa kiasi. Uliozidi 1.40 usikufurahishe: mara nyingi ateri zimekakamaa, hasa kwa wenye kisukari, na hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu. Hifadhi namba zote ghafi, si uwiano pekee.